Papa, unaendaka kufanya nini?

Ndugu musomaji, kama unakaa Lubumbashi, ao Likasi, ao Kolwezi, wewe mwenyewe unajua namna njia zetu zinajaa watu mbele ya jua kutoka. Wanaume wa kinga wanapita na mifuko ya makala iliyofungwa nyuma, na wao wenyewe wanasukuma kwa miguu sababu hakuna mafasi ya kukaa. Wamama wanapita na beseni ku kichwa na mutoto ku mugongo. Watoto wa masomo wanapita na nguo nyeupe na bluu. Na katikati yao wote tuko sisi, wababa wa shati lililopigwa pasi na viatu vyenye vumbi, tunaoenda ku kazi kwa miguu.

Mimi ni mumoja wao. Nakaa Katuba, na natumika kama karani mu ofisi moja ndogo katikati ya muji. Jina la ofisi sitalitaja. Kwenda ni zaidi ya saa moja, na kurudi ni zaidi tena, sababu mangaribi mwili umechoka. Taksi-bisi ziko, hakuna anayekatala. Lakini chukua feza ya taksi ya kwenda na kurudi, uizidishe kwa siku zote za kazi za mwezi, na utaona kwamba ni bunga ya nyumba yako kwa siku nyingi. Kila mutu mwenye watoto amefanya hesabu hiyo. Ukiisha kuifanya, unafunga kamba za viatu na unaenda.

Nataka tuzungumuze, mimi na wewe, juu ya njia hiyo. Si kwa kulia. Kuko ulizo moja ambalo mutoto wangu aliniuliza, na nilitembea nalo majuma mengi kutoka Katuba mupaka muji, na kutoka muji mupaka Katuba. Nawaza kwamba ulizo hilo liko hata mu nyumba yako, labda halijatoka bado ku kinywa.

ULIZO LA KIJANA

Ilikuwa mangaribi moja ya mwezi wa tano. Mu ofisi yetu ulikuwa mwezi wa ine bila mushahara. Ku meza kulikuwa bukari na lenga-lenga, sawa jana, sawa juzi. Mutoto wangu wa pili, kijana wa miaka 14, akaangalia viatu vyangu pale ku mulango, akasema:

« Papa, unaendaka ku kazi kila siku, na habakulipi. Sasa unaendaka kufanya nini? »

Mama yake akamukemea: « We! Ni vile banazungumuzaka na baba? »

Lakini mutoto hakusema kwa kiburi. Na mimi nilijua ulizo lile lilitoka wapi. Rafiki yake mumoja wa kalasi alikuwa ameacha masomo, ameenda kuchimba mawe na wakubwa mu mashimo ya wachimbaji wa mikono. Aliporudi kuona mama yake, alikuwa na simu mupya na viatu vipya. Kwa hiyo kijana wangu alikuwa anapima watu wawili. Huku, baba mwenye diploma na viatu vilivyotoboka. Kule, rafiki bila diploma na viatu vipya. Aliniuliza juu ya kazi yangu, lakini alikuwa anauliza vile vile juu yake mwenyewe: na mimi, naenda ku masomo kufanya nini?

Nikamujibu: « Ulizo lako ni la kweli. Unipe siku. Nitakujibu. »

Wazazi wenzangu, tusiogope kusema vile. Mutoto anajua tofauti kati ya jibu na neno la kumufunga kinywa.

NJIA YA ASUBUI

Kesho yake nikaondoka na ulizo lile kama mutu anayebeba muzigo usio na mafasi ya kuushika vizuri.

Asubui njia yetu ni njia ya salamu. Mu taksi unaangalia kichogo cha mutu aliye mbele yako. Kwa miguu, unasalimia. « Jambo mama, mulilamuka muzuri? » « Tulilamuka, baba. Na watoto? » Ku pembe ya avenue yetu kuko mama mumoja anayepika bitumbula. Anawasha moto wakati sisi wote tunalala bado. Kwa muda mrefu nilinunua kwake kila asubui. Mushahara ulipokawia, nikapita tu na salamu. Siku ile akaniita: « Baba, kamata. Utalipa siku batabalipa. » Nikatazama, nikaona kwamba hakuniambia mimi peke yangu. Alikuwa na daftari ya mutoto wake wa masomo, kurasa za nyuma zimejaa majina. Mwalimu wa chini ya avenue. Mulinzi wa depo. Munganga musaidizi wa dispansari. Wote watalipa siku watawalipa.

Hapo nikafahamu jambo ambalo nilikuwa naliona bila kuliangalia. Mushahara unaokawia hausimami ku mulango wa karani. Unashuka. Unafika kwa mama wa bitumbula, na kutoka kwake kwa mutu wa bunga, na kwa mutu wa makala ule wa kinga, ambaye ametoka mbali usiku muzima. Yeye hajui hata jina la ofisi yetu, lakini deni yetu iko ku mugongo wake.

Toka Katuba unapita Kenya, pahali soko inafunguka na kelele inaanza. Kisha Kamalondo, kartié ya wazee wetu, pahali pa muziki na pa mupira. Pale pale kuko kiwanja cha TP Mazembe kilichofunguliwa mwaka 2011, na vijana wanapokipita wanageuza kichwa hata wakichelewa. Kisha, unapotoka Kamalondo kuelekea muji, unavuka pahali ambapo vijana wengi hawajui habari yake. Nikuambie.

Muji huu ulianza mwaka 1910, kwa jina la Elisabethville, mwaka ule gari la moshi lilipofika kutoka kusini. Wazungu walijenga nyumba zao upande mumoja. Mwaka 1921 wafanyakazi weusi walipelekwa ku cité yao, ndiyo Kamalondo ya leo, iliyoitwa Albert wakati ule. Katikati, wakuu waliacha udongo mutupu upana wa metre karibu 700. Walisema ni sababu ya malaria: mbu asiweze kuruka kutoka ku damu yetu mupaka ku damu yao. Kwa hiyo mutu mweusi alivuka asubui kwenda kutumika, na alivuka mangaribi kurudi kulala. Kutembea usiku mu muji wa wazungu ilimukataziwa bila ruhusa. Katuba na Ruashi zilikuja nyuma, miaka ya 1950, mbali zaidi tena.

Leo ule udongo umejaa majengo na hakuna anayekusimamisha. Lakini miguu inakumbuka. Kila asubui, mimi na wenzangu tunavuka metre zile 700. Umbali wetu si bahati mubaya na si uvivu wetu. Watu waliupima kwa kamba, kwa makusudi, ili mwenye kutumika atoke mbali na arudi mbali. Tangu nilipofahamu vile, sioni haya tena juu ya vumbi ya viatu vyangu.

KATIKATI YA MUJI

Mu muji kuko miti ya jakaranda. Mu mwezi wa kenda na wa kumi maua yake ya zambarau yanaanguka njiani, na hata mutu mwenye njaa anapunguza hatua kidogo. Napita karibu na Posta, pahali sanamu ya Moïse Tshombe inasimama. Wenye kubadilisha feza wamekaa na mafungu ya franka mbele yao juu ya meza ndogo. Kisha nafika.

Kazi yetu ni hii: tunasaidia wazee waliotumika zamani, na wajane wao, kutengeneza dosie za kudai pensheni. Kuko vitabu, fishi, na karatasi za miaka mingi. Nyingine zimeliwa na panya. Mimi niko karani tangu miaka 16, na najua karatasi gani iko wapi. Si akili nyingi, ni kuzoea.

Juma lile nililotembea na ulizo la mutoto, muzee mumoja alifika kutoka Ruashi. Alitembea na fimbo, na yeye vile vile alikuja kwa miguu. Alikuwa anatafuta alama moja tu inayoonyesha kwamba alianza kazi mwaka 1968. Wapi pengine walimwambia: « Mwaka huo hauko. » Miaka miwili walimurudisha. Nilitafuta asubui nzima. Fishi yake ilikuwa ndani ya sanduku lenye jina la kampani ingine, kwani mutu fulani aliiweka vibaya mbele hata mimi sijaanza kazi. Nilipomupa kopi, hakusema neno. Aliikunja, akaiweka ndani ya mufuko wa plastiki, akaiweka tena ndani ya mufuko mwingine, kisha akaomba maji ya kunywa.

Mangaribi ile nikawaza: hii ni sehemu ya jibu. Kama siku ile ningebaki nyumbani sababu hawanilipi, muzee angerudi Ruashi na fimbo yake na mikono mitupu.

Lakini, ndugu musomaji, tusidanganyane. Hiyo si sababu yote. Naenda vile vile kwa sababu mutu anayeacha kazi anapoteza mafasi ya kudai miezi yake. Naenda kwa sababu nikikaa nyumbani muchana, majirani wataanza kuuliza. Naenda kwa sababu kuko siku moja mushahara utatoka, na nataka waniite jina nikiwa pale. Mu miguu ya mufanyakazi mumoja kuko sababu nzuri na kuko woga, na zote mbili zinatembea pamoja.

NJIA YA MANGARIBI

Kurudi ni njia ingine, hata kama avenue ni zile zile. Asubui unaangalia mbele. Mangaribi unaangalia mbali, na mbali kuko shimini ndefu ya kiwanda na kando yake mulima mweusi.

Watoto wa leo wanaiona kama picha tu ya muji. Sisi wa miaka yangu tuliamushwa na sireni ya kampani. Sireni ilisema amka, sireni ilisema ingia, sireni ilisema toka. Wenye saa walitengeneza saa zao juu yake. Mambo mengi yalitoka ku kazi: nyumba, masomo, hospitali, posho ya bunga na samaki. Watu walisema kazi ndiyo baba na ndiyo mama, na sisi watoto tuliitwa bana shaba.

Kisha baba huyo akagonjwa. Mwaka 1986 Gécamines ilitosha tani karibu 476,000 za shaba. Mwezi wa kenda mwaka 1990, machimbo ya Kamoto kule Kolwezi yakabomoka. Mwaka 1993 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Miaka ile ile watu walifukuzana mu treni na mu masoko, na njaa ikaingia mu nyumba ambazo hazikuijua. Mwaka 2003, kwa feza ya Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa feza ya kuondoka, waliita « kuondoka kwa mapenzi ». Kila avenue inajua mutu aliyenunua gari, ao friji, ao mashini ya kusaga, na nyuma ya miaka miwili akabaki na hadisi. Hatuwacheke. Mutu aliyepewa posho miaka 30 hakufundishwa na mutu namna ya kushika feza yote siku moja.

Lakini angalia ule mulima mweusi. Ni takataka ya shaba, mawe yaliyoyeyushwa na kutupwa tangu mwaka 1911, wakati tanuru la kwanza liliwaka. Miaka mingi watu waliona ni uchafu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walijenga tanuru lingine kando yake ili kutosha kobalti iliyobaki ndani. Kile ambacho wazee wetu walisukuma na kutupa kilikuwa bado na mali. Na inchi yetu, kwa hesabu za mwaka 2024, imekuwa ya pili mu dunia kwa shaba, nyuma ya Chile, na kwa kobalti ni ya kwanza. Malori yanapita usiku na muchana kuelekea Kasumbalesa. Ku njia ile ile bunga inaingia kutoka Zambia, na siku mupaka unafungwa, bei yake inapanda Katuba mbele ya mangaribi.

Unatembea kando ya hayo yote, mufuko mutupu, na unajiuliza: mali inapita wapi isipite kwetu? Ulizo la kijana wangu lilikuwa ndogo tu mbele ya hilo, lakini ni ulizo moja.

TULITEMBEA WAWILI

Likizo ya masomo ilipofika, mwezi wa saba, nikamuambia kijana: « Kesho uamuke na mimi. Jibu lako liko njiani. »

Unajua baridi ya Lubumbashi mwezi wa saba. Vumbi imelala, pumuzi inatoka kama moshi. Alivaa pulova ya kaka yake. Nusu saa ya kwanza hakusema kitu. Nikamujulisha kwa mama wa bitumbula, na nikamuonyesha daftari. Alitafuta jina langu, akalipata, akasoma hesabu, akaifunga pole pole. Ku Kamalondo nikamuambia habari ya metre 700, na yeye akaanza kuhesabu hatua, ile namna ya watoto, mupaka tukafika ku majengo ya muji na hesabu ikamupotea.

Mu ofisi nikamukalisha karibu na mimi. Siku ile alikuja mujane mumoja na mutoto wa mutoto wake. Hakujua kusoma. Kijana wangu alimusomea fishi, pole pole, kwa Kiswahili, kila neno: jina la mume, namba ya kazi, tarehe ya kuingia, tarehe ya kufa. Mama yule alimushika mukono akamuuliza: « Uko mu kalasi gani, mwana wangu? » Akamujibu. Akamuambia: « Usome. Ona, mimi nimekuja mara tano, na sikujua karatasi yangu inasema nini. »

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumuambia kijana juu ya masomo. Nikayaacha. Yule mama alikuwa amemaliza kazi.

Mangaribi tulirudi. Tulipita Kenya, giza linaingia. Akasema:

« Papa, nimeona sababu unaendaka. Lakini haujaniambia sababu habakulipi. »

Ndugu musomaji, ungejibu nini? Nilisimama. Mutoto alikuwa na haki. Nilimuonyesha faida ya kazi yangu, na hiyo ni kweli. Lakini faida ya kazi haitoshi kuwa jibu kwa mutu asiyelipa. Kama tukifundisha watoto wetu kwamba mutu mwema anatumika bure na ananyamaza, tunawafundisha uongo, na wale wenye kula jasho la wengine watafurahi sana na mafundisho yetu.

Basi nikamuambia habari ambayo baba yangu aliniambia mimi. Mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1941, wakati wa vita, bei ya vitu ilipanda na mushahara ulibaki pale pale. Wafanyakazi weusi wa Union Minière wakaacha kazi, wakaomba kuongezewa. Hapa Elisabethville wakakusanyika ku kiwanja cha mupira. Waaskari wakawapiga masasi. Makumi ya watu wakakufa, na kati yao Léonard Mpoyi, mumoja wa wale waliosema kwa jina la wengine. Hawakuwa wavivu. Walikuwa watu wa kuamuka na sireni kila siku, sawa wengine. Walijua kutumika, na walijua kuuliza.

« Kwa hiyo, nikamuambia, sababu hawatulipi sitakudanganya: kuko mutu aliyeweka feza pahali pengine kwanza, na sisi nyuma. Kuuliza ni haki yetu, na ni kazi yetu vile vile. »

Akauliza: « Na ninyi muliuliza? »

Watoto hawa!

Mu ofisi kila mumoja alikuwa ameuliza kwa sauti ya chini, peke yake, ku mulango wa mukubwa. Juma lile lile tukakaa, sisi 11, kutoka mulinzi mupaka karani wa hesabu. Tukaandika barua moja, kwa heshima, na hesabu ya miezi ya kila mutu, na majina yote 11 chini. Wawili waliogopa kutia sahihi, tukawangoja siku tatu, wakatia. Nyuma ya majuma sita walitulipa miezi miwili. Ingine tunaidai bado, na kila mwezi tunaandika tena barua, namba ile ile, na tarehe mupya. Siku ile ya miezi miwili, nilisimama kwanza ku pembe ya avenue. Mama wa bitumbula akachukua kalamu, akafuta jina langu kwa musitari mumoja, akaniambia: « Sasa kula ya bure. »

WAPENDWA WAZAZI, WAPENDWA VIJANA

Niruhusu nimalize kwa maneno machache ambayo njia imenifundisha.

Kwa wazazi. Tembea na mutoto wako ku kazi yako mara moja, hata kama kazi yako ni kuuza makala, ao kufagia, ao kulinda mulango. Muambie unapata ngapi, ao kwamba haupati, na sababu. Watoto wetu wanajua bei ya simu, lakini hawajui bei ya siku moja ya baba yao. Na mukikopa, jueni ni kwa nani. Deni kwa mama wa avenue ni deni la heshima, liliipwe la kwanza. Ile deni ya « Banque Lambert », ambayo inazaa nusu yake ndani ya mwezi mumoja, afazali kutembea Katuba mupaka muji mara mbili kwa siku kuliko kuiingia.

Kwa ninyi vijana. Sitatukana rafiki ya mutoto wangu aliyeenda ku mashimo. Anasaidia mama yake, na kuchimba ni kazi ya nguvu kuliko yangu. Lakini yeye mwenyewe, aliporudi mara ya pili, alisema kwamba wakati wa mvula udongo unalainika na shimo linafunga watu ndani, na kwamba bei ya mawe inapangwa na mwenye mizani, si mwenye kuchimba. Hakujua kusoma vizuri ile mizani. Kijana wangu alisikiliza sana pale. Basi usiulize tu viatu vya mutu ni vipya ao vimetoboka. Uliza nani anashika mizani, na kama wewe unaweza kuisoma.

Na wote, wakubwa na wadogo: ukiona baba mwenye vumbi ku viatu asubui, musalimie. Amepita pahali pengi kufika hapo.

Mwezi wa kenda kijana wangu alirudi ku masomo. Siku ya posho anaenda kwa fundi wa viatu wa karibu na soko, kujifunza kushona. Nilimuuliza sababu ya kuchagua kazi ile. Akacheka: « Papa, mu Lubumbashi bantu ya kutembea habataishaka. » Viatu vyangu ndivyo alivyoanza navyo. Kile cha kushoto kinashika vizuri. Cha kuume bado kinaomba msumari mumoja.